Tuandikishane: mwongozo kamili wa kuandika hati ya kupokea fedha au mzigo

"Nimepokea 2,000,000 toka kwa Mama Neema. Tar 3/4. Sahihi."

Karatasi ya namna hii ndiyo hutolewa kwenye mkoba watu wanapofika kwa mwenyekiti wa mtaa au Mahakama ya Mwanzo kudai chao, iwe Ngarenaro jijini Arusha au Pasua mjini Moshi. Mwenye karatasi anaamini kesi imekwisha. Aliyepokea naye hakatai sahihi yake, anasema tu: "Kweli nilipokea. Alikuwa ananilipa deni lake la mahindi." Hapo karatasi inabaki bubu, maana haisemi fedha ilikuwa ya nini.

Hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na halitibiwi kwa mhuri wala kwa mashahidi kumi. Linatibiwa kwa maneno mawili, "ikiwa ni", na sentensi moja inayofuata. Hatua ya 4 imeandikwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo mwenye haraka aanzie hapo kisha arudi juu.

## Andaa hivi kabla ya kukaa mezani

- Karatasi mbili safi za A4, au kitabu cha risiti chenye nakala na kabonipepa. Usiandikie nyuma ya ankara wala kwenye ukurasa uliochanwa kutoka kauntabuku. Pembe ikiwa imechanika, mwenzako atasema palikuwa na maneno mengine hapo.
- Kalamu ya wino wa bluu. Inaonyesha mara moja ipi ni halisi na ipi ni fotokopi. Penseli usiiguse, na kalamu ya jeli pia, kwa kuwa tone moja la mvua linatosha kulifuta jina la mtu.
- Vitambulisho vya pande zote mbili: kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ya mpigakura, leseni ya udereva au pasipoti. Aliye na namba ya NIDA bila kadi, namba hiyo yenye tarakimu 20 inatosha kuandikwa.
- Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, watu wazima wanaojua kusoma.
- Kidau cha wino, kama kuna atakayeweka dole gumba.
- Kwa mzigo: mizani, futikamba na simu yenye kamera.
- Fedha yenyewe au mzigo wenyewe, vikiwa mbele yenu. Kisipokuwepo mezani, subirini kwanza.

## Hatua ya 1: Kubalianeni hii ni karatasi ya nini

Sh 2,000,000 zile zile zina maana nyingi. Zikiwa mkopo, zinarudi. Zikiwa bei ya ng'ombe, hazirudi, anatoka ng'ombe. Zikiwa amana, aliyepokea haruhusiwi kuzitumia, anazitunza tu. Zikiwa malipo ya deni la zamani, zinafunga deni. Zikiwa zawadi, zimekwenda.

Kianzio kina ugomvi wake. Mnunuzi akighairi, je, kinarudi au kinapotea? Wengi huko mitaani wanaamini kinapotea chenyewe, na wengine wanaamini kinarudi chenyewe. Msiachie imani, andikeni.

Mkishakubaliana, andikeni kichwa cha habari kinachotaja jambo lenyewe: HATI YA KUPOKEA MKOPO WA FEDHA, HATI YA KUPOKEA KIANZIO CHA BEI YA PIKIPIKI, HATI YA MAKABIDHIANO YA MZIGO. Kichwa kinachosema "MAKUBALIANO" peke yake hakimsaidii mtu.

## Hatua ya 2: Andika mtu, usiandike jina la mtaani

Huku kwetu mtu anaweza kuitwa Mama Neema miaka ishirini bila jirani kujua jina lake la kitambulisho. Mahakamani anashtakiwa mwenye jina la kitambulisho. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha uongeze "maarufu kama Mama Neema". Fuatisha aina na namba ya kitambulisho, namba ya simu, kata, mtaa au kijiji, na alama ya karibu na nyumbani kwake. Siku ya kumpelekea wito wa mahakama, karani atakuuliza anaishi wapi, na "pale Kijenge" si jibu.

Anayepokea kwa niaba ya duka, kikundi au kampuni aandike hivyo wazi: "kwa niaba ya duka la ........, nikiwa muuzaji", na mhuri wa biashara ugongwe juu ya sahihi yake. Asipofanya hivyo, tajiri atasema hakuna fedha iliyoingia dukani, na kijana atajikuta analikabili deni peke yake.

## Hatua ya 3: Kiasi kwa tarakimu, kwa maneno, na njia iliyotumika

Andika Sh 100,000 na uangalie jinsi ile 1 ilivyo jirani na 4 na 7. Mstari mmoja wa kalamu umetosha kuzaa laki nne. Ukiongeza "(shilingi laki moja tu)", mlango huo umefungwa. Neno "tu" lina kazi yake, maana linazuia mtu kuongeza "na elfu hamsini" kwenye nafasi iliyobaki. Nafasi yoyote tupu ipigwe mstari hadi mwisho wa ukurasa.

Kisha sema fedha imepitaje.

Taslimu: andika "taslimu, zimehesabiwa na pande zote mbili".

Kwa simu: andika mtandao, namba iliyotuma, jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo, namba iliyopokea na namba ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe. Wengi hujikwaa hapa: fedha inatumwa kutoka laini ya shemeji au moja kwa moja kwa wakala, halafu ujumbe unaonyesha jina lisilohusika na deni. Sentensi moja inatosha: "zimetumwa kwa niaba ya ........ kutoka laini ya ........".

Kwa benki: ambatanisha hati ya kuweka fedha. Mahali pa maelezo andika "mkopo" au "bei ya kiwanja", usipaache tupu.

Neno kwa wa Arusha waliozoea kupangisha nyumba za Njiro au kuuza huduma za watalii kwa dola: kanuni za mwaka 2025 zimezuia bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Hati ya mauziano ya hapa hapa iandikwe kwa shilingi. Usimpe mpinzani wako hoja ya bure.

## Hatua ya 4: Sentensi ya "ikiwa ni"

Hiki ndicho kiini cha hati. Inapaswa kujibu maswali matatu kwa pumzi moja: fedha ni ya nini, inatokana na makubaliano gani, na aliyepokea anawajibika kufanya nini baada ya hapo.

Linganisha hizi mbili:

> Nimepokea Sh 2,000,000 kutoka kwake.

> Nimepokea Sh 2,000,000 (shilingi milioni mbili tu) ikiwa ni mkopo niliouomba wa kununulia mbolea, na nitaurudisha wote.

Ya kwanza inathibitisha kwamba fedha ilihama mkono, basi. Ya pili inathibitisha kwamba fedha ilihama na kwamba ni lazima irudi. Kwenye madai anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na hakimu anapima upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Ukiwa na ile ya kwanza, nusu ya kazi ya kuthibitisha bado iko mabegani mwako. Ukiwa na ya pili, ni mwenzako wa kueleza kwa nini aliandika hivyo.

Mifano mingine iliyo tayari kutumika:

- "…ikiwa ni kianzio cha bei ya pikipiki namba ........, bei kamili Sh ........, salio Sh ........ kulipwa ifikapo tarehe ......... Mnunuzi akighairi, kianzio hakirudi. Muuzaji akighairi, atakirudisha chote ndani ya siku 7."
- "…ikiwa ni kodi ya chumba kimoja cha nyumba namba ........ kwa miezi sita, kuanzia tarehe ........ hadi ........"
- "…ikiwa ni malipo ya tatu ya deni langu la tarehe ......... Baada ya malipo haya, salio ni Sh ........"
- "…ikiwa ni amana ninayomtunzia, nitakayomrudishia siku atakayoitaka."

Msitumie hati kuficha jambo. Anayekopesha Sh 1,000,000 na kumwandikisha mwenzake Sh 1,300,000 ili riba isionekane, au anayeandika mkopo kana kwamba ni mauziano ya pikipiki, anajenga kesi yake juu ya uongo. Mkopaji akiwa na ujumbe wa simu unaoonyesha milioni moja, hati nzima inatiliwa shaka. Tena kukopesha kwa riba kama biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hata kwa mtu binafsi. Nawe unayekopa, ukikuta kiasi kwenye karatasi si kile kilicho mkononi mwako, usisaini.

## Hatua ya 5: Lini, na kwa awamu zipi

"Nikishauza kahawa." "Baada ya mavuno." "Mambo yakikaa sawa." Maneno haya ni ya kiungwana lakini hayana kalenda. Mavuno ya nini, ya mwaka upi, na kahawa isipouzika je?

Andika siku, mwezi kwa jina, na mwaka kamili: "ifikapo tarehe 30 Septemba 2026". Ukiandika 3/4 bila mwaka, utabishana kama ni mwaka huu au uliopita, na tarehe ndiyo inayohesabu ukomo wa kudai, kama utakavyoona mbele.

Kama ni awamu, chora jedwali dogo chini ya hati: tarehe, kiasi, salio, sahihi ya anayepokea. Acha mistari ya kutosha. Jedwali hili litawaokoa wote wawili kwenye hatua ya 9.

## Hatua ya 6: Hesabu, soma, saini, kabidhi, kwa mkao mmoja

Mfuatano una maana. Fedha ihesabiwe kwanza mbele ya mashahidi. Hati isomwe kwa sauti, neno kwa neno. Pande zote zisaini. Fedha ikabidhiwe pale pale, kabla mtu hajainuka.

Anayesaini "nimepokea" asubuhi kwa ahadi kwamba fedha inaletwa jioni amejifunga mwenyewe. Isipoletwa, yeye ndiye atakayetakiwa kueleza kwa nini alikiri kupokea kitu ambacho hakukipokea, na maelezo ya mdomo dhidi ya sahihi yako mwenyewe ni mlima mrefu. Fedha isipokuwepo, andikeni "nitapokea tarehe ........" na hati ya mapokezi ifuate siku hiyo.

Karatasi tupu haisainiwi kamwe, hata kwa ndugu, hata kwa maelezo kwamba "maneno yatajazwa stendi".

## Hatua ya 7: Sahihi, dole gumba na mashahidi

Sahihi iwe ile iliyo kwenye kitambulisho. Hati ikiwa na kurasa mbili, kila ukurasa usainiwe chini. Kosa la kuandika likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lisomeke, neno sahihi liandikwe juu, na wote wawili wasaini pembeni. Wino mweupe wa kufutia ni sumu: hata ukifuta herufi moja isiyo na madhara, mpinzani atauliza kulikuwa na nini chini yake.

Asiyejua kusoma asomewe na mtu asiye na maslahi, kwa lugha anayoielewa. Kama mzee anaelewa Kichagga au Kimaasai kuliko Kiswahili, aelezwe kwa lugha hiyo na iandikwe: "Hati hii imesomwa na kutafsiriwa kwa Kimaasai na ........, naye ameielewa na kuweka dole gumba la kushoto." Msomaji naye asaini. Bila sentensi hiyo, dole gumba linaonyesha tu kwamba kidole kiligusa karatasi.

Sheria ya Mikataba inataka wanaokubaliana wawe na umri wa miaka 18 au zaidi, wenye akili timamu, na waridhie bila kushurutishwa wala kudanganywa. Kwa hiyo msisainishane kilabuni kibuyu cha mbege kikiwa kati yenu, wala kituoni huku mtu ametishwa kuwekwa ndani. Hati hizo ndizo hupinduliwa kirahisi.

Shahidi hatoi dhamana ya deni. Anashuhudia kwamba aliona, basi. Mwambie hivyo mapema, kwani wengine hukimbia kwa kuogopa kudaiwa. Chagua mtu anayepatikana, si abiria wa basi la jioni. Mke au mume wa mdai anaweza kushuhudia, ila uzito wake ni mdogo kuliko wa jirani.

Na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa? Sheria haisemi mkopo wa kawaida si halali bila mhuri huo. Faida yake ni kwamba unaongeza shahidi mwenye ofisi na tarehe isiyobishaniwa. Kiasi kikiwa kikubwa, mwone wakili.

## Hatua ya 8: Nani anakaa na karatasi ipi

Aliyetoa ndiye anayebaki na hati halisi. Aliyekopesha anakaa na hati iliyosainiwa na mkopaji, na aliyelipa anakaa na hati iliyosainiwa na mlipwaji. Inaonekana wazi, lakini kila mara kuna mtu aliyeacha karatasi "kwa wenye nyumba" akaambiwa imepotea.

Lililo bora ni kutengeneza hati mbili halisi, zote zikiwa na sahihi za kalamu, kila mtu na yake. Mahakama hutaka hati halisi kwanza. Fotokopi hupokelewa kwa sababu maalumu, kwa mfano halisi imepotea au iko mikononi mwa mpinzani wako naye ametakiwa kuileta akakataa. Hati ikipotea, toa taarifa ya upotevu polisi mapema, usingoje siku ya kesi.

Piga picha hati siku hiyo hiyo na umtumie mwenzako kwa WhatsApp ukisema: "Hii ndiyo hati yetu ya leo." Akijibu "sawa", umepata ushahidi wa pili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kutolewa mahakamani, mradi uonyeshe ulikotoka na kwamba haujachezewa. Itunze simu yenyewe pia. Picha ya skrini peke yake ni rahisi kupingwa.

Usiipige hati laminesheni. Mtaalamu wa maandishi akihitajika kuchunguza wino na mkandamizo wa kalamu, plastiki itamzuia.

## Mfano wa hati ya mkopo

> HATI YA KUPOKEA MKOPO WA FEDHA
>
> Mimi ........ (majina matatu), maarufu kama ........, NIDA namba ........, simu ........, mkazi wa mtaa wa ........, kata ya ........, Moshi, leo tarehe 12 Januari 2026 saa nne asubuhi, nimepokea kutoka kwa ........ (majina matatu, NIDA, simu, makazi) Sh 2,000,000 (shilingi milioni mbili tu), taslimu, zilizohesabiwa na pande zote mbili, ikiwa ni mkopo usio na riba.
>
> Nitaurudisha wote kwa awamu mbili: Sh 1,000,000 ifikapo tarehe 31 Mei 2026, na Sh 1,000,000 ifikapo tarehe 30 Septemba 2026. Kila rejesho litaandikwa kwenye jedwali lililo chini na kusainiwa na mkopeshaji.
>
> Nimesoma hati hii, nimeielewa na nimesaini kwa hiari yangu.
>
> Mkopaji (jina, sahihi, tarehe) — Mkopeshaji (jina, sahihi, tarehe) — Shahidi wa mkopaji (jina, simu, sahihi) — Shahidi wa mkopeshaji (jina, simu, sahihi)

Imekamilika pale mtu asiyewajua, akiisoma mara moja, anaweza kusema nani anamdai nani, shilingi ngapi, za nini, na hadi lini. Mpe mtu wa tatu aisome kabla ya kusaini. Akiuliza swali hata moja, jibu lake liongezwe kwenye hati.

## Mzigo: kupokea si kukubali

Kwenye fedha, noti ni noti. Kwenye mzigo kuna maswali mawili tofauti: je, umefika? Na je, ndio ule mliopatana? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inampa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa kwamba amekubali. Lakini ukisaini "nimepokea ukiwa katika hali nzuri" juu ya boksi ambalo hujalifungua, umejinyang'anya nafasi hiyo kwa mkono wako. Na ukikaa na mzigo muda mrefu bila kulalamika, unahesabiwa umekubali.

Dereva wa Fuso ana haraka, anakusukumia karatasi: "Saini hapa, nawahi Dar." Hesabu idadi, kisha uandike kwa mkono juu ya sahihi yako, kwenye nakala yake na yako: "Idadi imehesabiwa, ndani hapajakaguliwa." Ukiona kasoro ya nje, itaje: "Magunia mawili yamelowa chini, boksi moja limefunguka." Piga picha mzigo ukiwa bado kwenye gari, namba ya gari ionekane. Kasoro za ndani zitumie kwa maandishi siku hiyo hiyo au kesho yake.

Vipimo ndivyo vinavyoua hati nyingi za sokoni. "Magunia 20 ya mahindi" ni kilo ngapi? Gunia lililoshonwa sawasawa na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, si kitu kimoja, na lumbesa yenyewe imekatazwa na sheria ya vipimo. Andika "magunia 20, uzito wa jumla kilo 2,000 kwa mizani ya ........". Debe, mkungu na tenga ni majina ya chombo, hayasemi uzito, kwa hiyo ongeza kilo au hesabu ya vipande. Nyanya za Tengeru au vitunguu vya Mang'ola viwekewe na daraja la ubora mlilokubaliana.

Vifaa vya ujenzi vitajwe kwa sifa zote: "bati 40, geji 28, urefu wa futi 10, rangi ya maruni", "nondo 25 za milimita 12", "saruji mifuko 60 ya kilo 50". Neno "bati 40" peke yake litakuletea geji 32, ambayo ni nyembamba zaidi. Vifaa vya umeme na simu viandikwe namba ya mashine, ng'ombe rangi, jinsia na alama ya sikio.

### Mali kauli

Wauza mitumba wa Kiboriloni na wenye meza za soko la Kilombero wanaishi kwa mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa kwa neno tu na kulipiwa baada ya kuuzwa, na hapa maandishi yanahitajika kuliko popote. Andikeni moja kati ya haya mawili:

1. Nimeuziwa kwa mkopo. Mzigo ni wa aliyepokea tangu leo. Ukiungua au ukiibwa, deni linabaki.
2. Nimepewa nikuuzie. Mzigo bado ni wa mwenyewe. Aliyepokea anawajibika kuutunza kama mtu makini anavyotunza chake, na kurudisha usiouzika.

Soko linapoungua, swali hili ndilo hutenganisha marafiki. Ongezeni bei ya kila kipande, tarehe ya kupiga hesabu, na nani anabeba hasara. Robota, yaani furushi la mitumba, ihesabiwe kwa idadi ya nguo baada ya kufunguliwa mbele ya wote wawili.

Mfanyabiashara anayeuza lazima atoe risiti ya mashine ya kodi (EFD), na mnunuzi naye ana wajibu wa kuidai. Hati yenu haichukui nafasi yake. Risiti hizo huchapwa kwa joto na maandishi hufifia, zaidi zikikaa juani au kwenye pochi, kwa hiyo itoe fotokopi siku ile ile.

## Hatua ya 9: Kulipa bila kuacha mlango wazi

Watu makini siku ya kukopa huzembea siku ya kulipa. Fedha inakabidhiwa njiani, wanashikana mikono, na ile hati ya deni inabaki kabatini ikiwa nzima. Mkopeshaji akifariki, warithi wanaikuta na kudai kwa nia njema kabisa, kwani karatasi inasema kuna deni.

Kila rejesho lisainiwe kwenye jedwali la nakala zote mbili. Ukilipa kwa simu, tuma kwa namba ya mdai mwenyewe na uhifadhi ujumbe. La mwisho likikamilika, mdai aandike kwa mshazari juu ya hati zote mbili: "DENI LIMELIPWA LOTE, tarehe ........, sina dai lolote", kisha asaini mbele ya shahidi. Usiichane hati. Ikichanwa, wewe mlipaji ndiye uliyepoteza ushahidi.

## Hati inabeba nini mbele ya hakimu, na haibebi nini

Makubaliano ya mdomo ni halali kwa mambo mengi, ila ni magumu kuthibitisha. Hati inageuza "alisema" kuwa "aliandika". Kiswahili kinatosha kabisa, maana tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria.

Ukomo. Madai ya mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka sita. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda huo haujaisha, au akilipa sehemu, muda unaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo mdai anayezungushwa asiishie kupiga simu. Aombe hati mpya: "Nakiri kwamba hadi leo nadaiwa Sh ........ kutokana na mkopo wa tarehe ........"

Ushuru wa stempu. Baadhi ya hati, ikiwemo mikataba, hutakiwa kulipiwa. Isipolipiwa haifi, lakini mahakama inaweza kukataa kuipokea hadi ulipe ushuru pamoja na adhabu. Ulizia Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema.

Ardhi. Hati ya kupokea bei ya kiwanja au shamba haihamishi umiliki. Inathibitisha fedha tu. Mkataba wa maandishi wa mauziano na taratibu za ardhi vinafuata, na kwa ardhi ya kijiji kuna halmashauri ya kijiji.

Polisi. Deni lisilolipwa ni la madai, na kazi ya polisi si kukusanya madeni. Inakuwa jinai pale palipo na kughushi sahihi au kujipatia fedha kwa udanganyifu.

Mdaiwa akigoma, mwandikie barua ya madai ukitaja hati, kiasi na siku 14 za kulipa, na mpelekee kwa mtu atakayesaini kwamba ameifikisha. Siku zikipita, nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo lake. Madai ya fedha yanayotokana na mkataba yasiyozidi Sh 30,000,000 yanaanzia hapo. Nenda na hati halisi na fotokopi tatu. Halisi ikipokelewa kama kielelezo inabaki kwenye jalada, hivyo hakikisha una nakala yako kabla ya kuikabidhi, na andika namba ya kielelezo uliyopewa ili uombe kurudishiwa kesi ikiisha.